Siku upepo ulipolala

Saa tano asubuhi, katikati ya maji kati ya Kilwa Masoko na Songo Mnara, upepo ulilala.

Haukupungua kidogo kidogo, ulilala tu, kama mtoto aliyechoka kulia. Tanga likapiga mlingoti mara mbili tatu alafu likaning'inia kama khanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Maji yakatulia mpaka nikawa naona kivuli chetu kwenye mchanga wa chini.

Mi nikaangalia saa. Ile siku nlikua nimeipanga kwa dakika: kufika Songo Mnara kabla ya saa sita, kumsalimia shangazi, kula, kurudi na upepo wa mchana, usiku nimalizie ripoti gesti, alfajiri basi la Dar. Nikamwangalia baba mdogo nikitegemea atafanya kitu, avute kamba, awape vijana makasia, apige kelele, chochote kile ambacho mi nilidhani nahodha anafanya mambo yakikwama.

Akafanya vitu viwili tu. Akamwambia kijana wake atue tanga, alafu akatia nanga.

Kisha akajilaza kule nyuma karibu na usukani, akajifunika kofia usoni.

"Ba'mdogo, sasa tunangoja nini?"

"Upepo."

"Utakuja saa ngapi?"

Akasogeza kofia kidogo, akaniangalia kwa huruma fulani hivi ambayo sijaisahau. "Mwanangu, hii Novemba. Kusi ishakwisha, kaskazi haijashika. Hii tanga mbili. Upepo ukija utauona."

Kofia ikarudi usoni. Tanga mbili ni kile kipindi cha katikati, kusi, upepo wa kutoka kusini, umeisha, na kaskazi, wa kutoka kaskazini, bado.

Tulikaa pale saa tatu na nusu. Hii ni wiki ya nne na kichwani bado nipo kwenye ile mashua, nafua nguo nipo pale, nipo kwenye foleni ya Mbagala nipo pale, nipo kikaoni watu wanaongelea malengo ya robo mwaka mi naona tanga limening'inia. Ndo maana naandika.

## Nanga

Saa ya kwanza nilihangaika kweli. Mtandao ulikua wa kuibia, unakuja mstari mmoja unapotea, na mi kila unapokuja nimo. Nikafungua ripoti nikashindwa kusoma hata sentensi mbili. Nikamuuliza kijana kama hawana injini, akasema ipo kwa fundi. Nikajilaumu kwa nini sikukodi boti ya injini tangu asubuhi, nikapiga hesabu ya gharama, nikapiga hesabu ya masaa yaliyobaki, nikapiga tena ile ile kana kwamba jibu lingebadilika. Pembeni yangu kulikua na mama mmoja wa Songo Mnara ana ndoo na mfuko wa mchele, wala haonekani kujua kwamba kuna tatizo.

Nikamuuliza tena baba mdogo, sasa kama hamna upepo nanga ya nini, si mashua imesimama yenyewe?

"Upepo haupo, mkondo upo," akajibu bila kutoa kofia. "We lala bila nanga uone utaamkia wapi."

Hilo jibu ndo lililonila wiki ya kwanza niliporudi. Kwa sababu mi nlikua naamini kwamba napumzika. Kila siku usiku napumzika, narudi nyumbani, mtoto akilala najitupa kwenye kochi nashika simu, video moja, nyingine, nyingine, huyu kanunua gari, yule anafundisha jinsi ya kuingiza milioni ukiwa umelala, huyu kaachwa, na ikifika saa sita usiku najiona nimechoka kuliko nilivyorudi. Nlikua naita kupumzika. Kumbe nimelala bila nanga, mkondo unanipeleka, na kila asubuhi naamkia pengine nisipopajua.

Yeye alitia nanga kwanza, ndo akalala. Yaani kutulia kwake kulikua ni kitu alichokifanya kwa makusudi, kwa mikono yake, akavuta kamba akahakikisha nanga imeshika. Hakuachia tu.

## Aliyekuja

Saa ya pili simu ikaisha chaji.

Nikabaki na maji, na jua, na yule mama ambaye sasa alikua ameshaufungua mchele wake anauchambua kwenye ungo, kokoto anazitupa baharini, tik, tik.

Alafu baba akaja.

Siongelei mambo ya mizimu. Nilimkumbuka tu, ila kwa namna ambayo sikuwahi kumkumbuka tangu tumzike, mzima mzima, na harufu ya shati lake. Nilipokua mdogo alikua ananipeleka Feri siku za Jumapili, tunakaa kwenye kile kiukuta tunaangalia mashua zinaingia na samaki. Alikua hanunui hata dagaa. Mi nauliza, baba tunafanya nini? Anasema, tunaangalia. Basi. Nlikua naona baba yangu hana mipango.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Sheria yetu ya ajira, ile ya 2004, inampa mfanyakazi siku 4 za malipo akifiwa na mzazi. Mi nilitumia 3. Hakuna bosi aliyeniita, walishangaa hata kuniona nimekaa kwenye kiti changu na laptopu imewaka. Watu wakasema huyu dada jasiri, huyu ni mpambanaji, na mi nikalipokea lile neno kama medali. Baada ya hapo nikaongeza kazi. Nikaongeza kuku, nikaanza kuuza mitandio mtandaoni, nikakubali kusimamia mradi ambao watu wawili waliukataa. Matanga yalifanyika mi nasimamia chakula. Arobaini nikaratibu kila kitu kwa simu, na kila mtu alishukuru kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Miezi nane sikulia. Nlikua bize.

Nikalia pale kwenye maji. Mwanzo kimya kimya, alafu sio kimya tena. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu na ambaye nilidhani amelala, hakuinuka, ila mkono wake mmoja ulitoka kwenye kifua akaushusha kwenye ubao, ukabaki pale. Yule mama hakuniuliza kitu. Alinisogelea, akaniwekea pindo la khanga yake mapajani nijifute, akaendelea na mchele.

Miezi nane nlikua nakimbia nikidhani kuna kitu nakikimbilia. Mpaka leo sina uhakika kama ningeweza kusimama mwenyewe, bila ya upepo kunisimamisha, na hilo linanitisha kidogo.

## Shwari

Kuna maneno tunayasema kila siku bila kuyaangalia.

Mtu akikuuliza vipi, unajibu shwari. Sisi tuliokulia bara na mjini tunalisema kama neno la mtaani tu, shwari mzee, kuko shwari. Lakini shwari ni bahari. Ni ile hali niliyoiona mimi, maji yamelala, hamna wimbi hamna upepo. Na kwa mtu wa tanga shwari sio habari njema moja kwa moja, maana huendi popote. Dhoruba inakuzamisha, shwari inakukalisha. Nilimuuliza baba mdogo kama huwa anaiogopa, akasema ya nini, ile imo. Yaani ni sehemu ya safari kama upepo ulivyo sehemu ya safari.

Saivi hata hilo neno nalisikia kwa nadra. Mtu ukimsalimia anakwambia napambana. Tunapambana dada. Endelea kupambana. Au natafuta maisha. Mi mwenyewe ndo jibu langu kwa miaka sijui mingapi, na kabla ya ile siku sikuwahi kujiuliza napambana na nani, wala hayo maisha yalipotelea wapi mpaka nayatafuta huku nikiwa hai.

Na kitu kinachonishangaza ni kwamba ukitaka kumsifia mtu kweli kweli, kijana anayeposa, binti unayemtakia ndugu yako, husemi anapambana. Unasema ametulia. Kijana ametulia yule. Hiyo ndo sifa ya juu kuliko zote tunayompa binadamu mwenzetu, na kila mtu anaelewa uzito wake, ila siku ya kujieleza wenyewe hatuthubutu kuitumia. Jaribu kumjibu mtu "nimetulia tu" Jumatatu asubuhi uone atakavyokuangalia, atadhani umefukuzwa kazi.

Mama yangu alitulea na "ajizi ni nyumba ya njaa". Nilikua naisikia kila nikichelewa kuamka. Na "mchumia juani hulia kivulini". Hiyo ya pili nimeirudia sana kichwani hizi wiki nne, kwa sababu juani nipo toka nimemaliza chuo, naona nachuma, wenzangu wote wanachuma, ila hicho kivuli mbona sijaona mtu wa umri wangu amekaa? Tunajiambia nikimaliza kiwanja, nikimaliza nyumba, mtoto akimaliza shule. Baba yangu alistaafu, akaishi miaka miwili.

## Watu wa kungoja

Upepo ulikuja kama saa nane na nusu. Niliuhisi shingoni kwanza. Baba mdogo alikua ameshaamka kabla yake, sijui alijuaje, tayari ameshika kamba, na wale vijana wakang'oa nanga wakatweka tanga kwa haraka ambayo sikuitegemea kutoka kwa watu waliokua wamelala muda wote ule.

Kurudi siku ile ile haikuwezekana tena. Tulilala kisiwani.

Ripoti ilichelewa siku moja. Hakuna kilichotokea.

Jioni nikatembea peke yangu kwenye magofu. Nilishafika pale na safari ya shule, zamani, nikakariri kwamba ni urithi wa dunia tangu 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani, nikaandika kwenye daftari nikasahau. Safari hii nilikua nimetoka kukaa saa tatu na nusu nangoja upepo, kwa hiyo niliyaona kwa macho mengine. Zile kuta za matumbawe na chokaa zilijengwa na watu ambao maisha yao yote yalikua hivyo. Vyombo vya kutoka Arabuni, Uajemi na India vinashuka na kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, na kurudi haviwezi mpaka kusi ishike. Hata uwe tajiri vipi, hata uwe na dhahabu ya Sofala mashua nzima, unakaa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na kutoka hapo akapanda chombo kwenda Dhofar, kule Oman, yeye naye kwa upepo, sio kwa ratiba yake.

Na watu wakikaa miezi mnafanya nini? Mnaongea. Mnaoana, mnakula kwa wakwe, mnafundishana majina ya vitu, mnabishana kwenye baraza. Nikiwa nimekaa kwenye jiwe pale nikawaza kwamba hii lugha ninayoiandikia sasa hivi kwa sehemu kubwa ilipikwa kwenye miezi ambayo hakuna mtu aliyekua anaenda popote. Mtu wa uzalishaji angeiandika ile miezi kama hasara.

## Pweza, na rasimu niliyoifuta

Kuna mtoto wa shangazi, kaka yangu huyo, mvuvi. Usiku tumekaa tumeshiba akanisimulia kuhusu kufunga miamba. Jambo lenyewe nlikua nalisikia sikia, wamefanya Kisiwa Panza kule Pemba na sehemu nyingine za pwani: kijiji kinakubaliana, mwamba fulani haushikwi pweza kwa miezi mitatu hivi, mtu haingii na mshare wake, alafu siku ya kufungua wanaingia wote. Pweza anakua haraka sana, maisha yake yote ni mwaka mmoja au zaidi kidogo, kwa hiyo ukimwachia hiyo miezi tu unamkuta ni mwingine kabisa, mkubwa, mzito.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema ndo hii! Nikarudi Dar nikaandika rasimu ya kwanza ya hii makala usiku mmoja, ilikua nzuri, ina mtiririko, nimeanza na upepo nimemalizia na pweza, ujumbe ni kwamba pumzika ili uvune zaidi. Funga mwamba wako miezi mitatu ufungue kwa kishindo.

Asubuhi nikaisoma nikafuta yote.

Sio kwamba ni uongo. Kwa pweza ni kweli na kwa kijiji ni jambo zuri sana, natamani lienee. Ila kwangu mimi ilikua ni kupambana kule kule, kumevaa kanzu. Napumzika ili nizalishe. Nalala mapema ili kesho niwe na nguvu za kazi. Nasali ili mambo yafunguke. Hata kilio changu kwenye mashua nlikua nimeshaanza kukitafutia faida, nikaandika pale kwamba "nilirudi kazini nikiwa na nguvu mpya", na wala haikua kweli, nilirudi kazini nikiwa na huzuni, huzuni ya kawaida ya mtoto aliyefiwa, ambayo ilikua inanisubiri. Baba yangu pale Feri hakua anapumzika ili Jumatatu afanye kazi vizuri. Alikua anaangalia mashua.

Babu yetu, namkumbuka kidogo, kumi la mwisho la Ramadhani alikua anaingia itikafu msikitini. Anahama na mto wake. Sikuwahi kumsikia mtu anamuuliza amerudi na nini.

## Mikono ya shangazi

Hapa ndo panaponipa shida na sijapamaliza.

Shangazi yangu ana umri wa kutosha kuitwa bibi na wajukuu wanamwita hivyo. Siku ile jioni amekaa kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, anaongea na mimi habari za baba alipokua mdogo, jinsi alivyokua anaogopa kaa, na muda wote mikono yake inasuka ukili. Haangalii hata. Ukili unatoka tu, mrefu, unajikunja pembeni. Nikamuuliza, shangazi wewe hupumziki?

"Sasa hivi si napumzika?"

Nikamuonyesha mikono yake.

Akaiangalia kama ya mtu mwingine. "Mikono ndo inafanya. Mi nimekaa."

Nililipenda hilo jibu, bado nalipenda. Lakini pia nikakumbuka yule mama wa kwenye mashua. Saa tatu na nusu wanaume walilala, yeye alichambua mchele. Mabaraza yetu yote ninayoyajua, ya Kilwa, ya Unguja, ya Bagamoyo, ukipita saa kumi jioni waliokaa ni kina nani? Kahawa, bao, stori, ni kina baba. Mwanamke akikaa lazima ashike kitu, ukili, mchele, kichwa cha mtoto anakisuka, la sivyo anaonekana ana kasoro. Tangu nikiwa mdogo nikikaa bila kitu mkononi mama ananitafutia kitu.

Kwa hiyo sijui kama shangazi amefikia mahali ambapo mikono inakwenda na moyo umetia nanga, au kama hajawahi tu kupewa ruhusa ya kuweka ukili chini. Na ukili unauzwa, tusisahau, unashonwa mikeka na ile hela inanunua sukari. Nilitaka kumuuliza vizuri zaidi nikaona aibu. Yeye alikua ananihadithia kaka yake.

## Ile hadithi ya mvuvi

Wote mmeletewa kwenye magrupu: tajiri anamkuta mvuvi amelala chini ya mnazi, anamshauri anunue boti kubwa, aajiri watu, atajirike, alafu mwisho apumzike chini ya mnazi, na mvuvi anasema kwani sasa hivi nafanya nini. Watu wanaweka vile vikatuni vya kucheka.

Mi ile hadithi siipendi. Yule mvuvi hana mtoto mwenye homa. Hana mama mwenye sukari anayehitaji dawa kila mwezi. Baba mdogo wangu anazo hizo shida zote, usiku ule ule alinivuta pembeni kwa heshima akaniomba hela ya dawa ya presha ya mkewe, na nilimpa, na nilikua nayo ya kumpa kwa sababu ya hiyo hiyo kazi ambayo leo naiandikia hivi. Nilitaka niliseme wazi. Chini ya ofisi yetu kuna dada anauza chakula, anaamka saa tisa usiku, na siwezi kwenda kumwambia dada tulia. Angenimwagia maharage na angekua na haki.

Kwa hiyo siongei na yeye. Naongea na mtu ambaye ameshavuka, chakula kipo, ada ipo, kodi ipo, lakini bado anakimbia kwa kasi ile ile aliyokua nayo wakati hana, kwa sababu miguu haijapewa taarifa. Naongea na mimi.

## Taa za kuku

Nina kuku wa mayai 300, Chanika. Waliowahi kufuga wanajua, kuku wa mayai ili atage vizuri anatakiwa apate mwanga kama saa 16 kwa siku, na jua letu linatoa kama 12. Hizo zilizobaki unamwashia taa. Kijana wangu anaamka saa kumi usiku anawasha, kuku wanadhani kumekucha, wanaamka wanakula wanataga. Kuku wa kienyeji akifika kipindi fulani ananyonyoka manyoya, anaacha kutaga kwa muda, mwili unajijenga. Hawa wangu wakifika hapo wanauzwa.

Nilienda Jumamosi ile niliyorudi, nikafika kabla ya alfajiri, nikakuta banda limewaka kama stendi na nje giza totoro. Nikasimama mlangoni nikashindwa kuingia.

Sijaacha kuwafuga. Sitaki mtu adhani nimekua mtakatifu. Ila nlikua na maombi ya mkopo, fomu nimeshajaza, ya kuongeza banda la pili na vifaranga 500. Nikazitoa kwenye begi nikampa mume wangu azisome tena na mimi.

Akaniuliza swali la haki kabisa: na ada ya Januari?

Tukakaa mezani tukahesabu, usiku mbili mfululizo. Ada ipo, kwa mshahara wetu wote wawili na hawa kuku waliopo. Ambacho ule mkopo ungetununulia ni kiwanja Kibaha, miaka miwili kabla ya wakati wake. Hicho tu. Tulikua tunakwenda kuuza Jumamosi zote za miaka miwili ili kiwanja kije mapema, na mtoto wetu ana miaka sita, atakua na nane.

Mume wangu hakufurahi moja kwa moja, na sitamsemea. Alisema ana hofu kwamba hii ni huzuni inaongea, ikipita nitajuta. Inawezekana. Nilimwambia hivyo hivyo, inawezekana. Lakini nimeichana fomu.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma nae alivyosikia akaniuliza kama naumwa. Na ninapofungua simu nikaona mtu wa rika langu amezindua kitu, tumbo linanivuta, sio wivu hasa, ni kama kusikia basi linaondoka na wewe umekaa. Hiyo haijaisha. Juzi Jumapili nimempeleka mtoto Feri. Tumekaa. Akauliza mama tunafanya nini, na ile sentensi ilinikaba kooni, nikashindwa kuisema kwa muda, nikamwonyesha mashua kwa kidole.

## Ngazi

Jioni saivi, kabla ya magharibi, nakaa nje kwenye ngazi ya mlango wetu. Simu naiacha ndani juu ya friji, hiyo ndo nanga yangu, sina nyingine. Nusu saa hivi. Siku nyingine inakua ndefu sana na nainuka kabla. Siku nyingine baba anakuja, siku nyingine hakuna kinachokuja, naangalia paka wa jirani na watoto wanarudi na madumu.

Sijashika ukili, sijashika mchele. Wiki ya kwanza mikono ilikua haijui ikae wapi.

Juzi mama wa nyumba ya pili alipita na mfuko wa mkaa akasimama. Tumekaa mtaa mmoja miaka mitano, tunasalimiana kwa kupungiana tu kwenye bajaji.

"Jirani, umeme umekatika kwenu?"

"Hapana, upo."

"Unamngoja mtu?"

"Simngoji mtu."

Akaangalia upande niliokua naangalia, kutafuta kilichopo. Akauweka mfuko wa mkaa chini.